Mashine ya Susana na Jua la Ijumaa

Maandishi mekundu yalitapakaa kwenye skrini kama upele, na Mogire alihisi anatukanwa. Msimbo ni ule ule! Jana mjini Rongo, kwenye laptopu yake inayotumia mfumo wa Linux, alikijenga kiunzi cha programu kutoka kwenye msimbo huo, kikakubali bila ubishi. Leo hapa Muhuru Bay, dukani kwa Susana, kompyuta ya Windows ilidai kompaila nyingine ya kuugeuza msimbo kuwa programu. Akaipakua. Ikailalamikia hiyo pia.

"Imekubali?" aliuliza Susana, mwenyekiti wa akina mama wauza omena, dagaa wa ziwani.

"Inanizungusha, mama."

"Hata wewe? Si ulijisomesha mwenyewe? Jiulize basi."

Mogire hakucheka. Kesho, Sabato ikitoka tu, wakala wa kampuni ya programu za mauzo angefika na mkataba ili akina mama wasaini. Kampuni ile ile! Mwaka juzi iliifunga programu yake kutoka Nairobi bila hata salamu, oda za wanunuzi zikapotelea humo, omena ikarundikana hadi ikatoa funza. Wengine walikuwa wamesahau. Yeye hapana. Programu ya akina mama, ikiwa tayari kabla ya wakala kufika, ingesimama juu ya kiunzi walichojijengea, ambacho mtu wa mbali hawezi kukizima.

Akajaribu tena, na wekundu ukakoma. Asilimia kumi. Ishirini. Alikuwa amebadilisha nini? Hakujua, na aliogopa kujiuliza.

Susana alianza kufunga madirisha. Mwanga juu ya nyavu za kuanikia ulikuwa unafifia.

"Bado, mama."

"Sabato inaingia."

"Mimi si Msabato. Niachie ufunguo."

"Na mashine ni ya nani?"

"Inafanya kazi yenyewe! Hakuna anayeigusa."

"Hata ng'ombe ametajwa kwenye amri, Mogire."

"Kompyuta haikutajwa!"

"Ungekuwepo Sinai ungeandikisha."

"Basi msaini kesho! Kwani ile omena iliyooza ilikuwa ya nani?"

"Yangu," alisema Susana, taratibu. "Unanikumbusha mimi?"

Asilimia sitini. Ikikatizwa sasa, nani angejua kama ingekubali tena? Mogire alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha skrini. Giza.

"Asante, mwanangu," alisema Susana, akachukua kufuli.

Chini ya meza feni iliendelea kuvuma, sauti ndogo ambayo asiyejua angedhani ni upepo wa ziwani. Mogire alifika mlangoni. Kumdanganya kulikuwa rahisi mno. Mashine ya mtu, ndani ya duka la mtu, inatumika bila mwenyewe kujua. Hasira yake ilitafuta wa kumshukia, ikamkosa.

"Haijazimika, mama. Nimezima kioo tu. Amua wewe."

Susana aliliacha kufuli mlangoni. Kisha akarudi, akainama, akaweka kiganja juu ya mashine kama anayempima mtoto homa.

"Ina moto," alisema.

Kutoka kanisani wimbo wa kuipokea Sabato ulikuwa umeanza. Mkono wa Susana ulibaki pale pale, na Mogire, ambaye siku zote alijua anachokitaka, hakujua atamani uizime mashine au uiache iendelee.