Benchi la Mbao Mbichi

Benchi lile lilikuwa linalia. Ukikaa linalia, ukiinuka linalia, hata ukikohoa tu ukiwa juu yake linatoa mlio kama wa mbwa aliyekanyagwa mkia, na kanisa zima linageuza shingo kuona ni nani. Lilikaa peke yake nyuma, karibu na mlango, halina hata pa kuegemea mgongo. Ni la waliotengwa. Ukipata kesi kwa wazee wa kanisa, unahamia pale, na wenzako wakiitwa meza ya Bwana wewe unabaki unatazama visigino vyao.

Kaka yangu alikaa pale mpaka kifua kilipomlaza. Na benchi lenyewe alilitengeneza yeye.

Mtaani walimwita Rula. Alikuwa amenyooka, kimo na maneno. Mimi nilipoacha shule nilimfuata karakana, nikiwa na haraka ya kila kitu, yeye hana haraka ya chochote. Wazee walipoagiza lile benchi walilitaka kabla ya Pasaka. Akawaambia mbao bado mbichi, zikikauka zitanywea na viungo vitalegea. Mzee mmoja akamuuliza kwani watakaa wafalme? Kaka akachukua nyundo, akaligonga. Ndiyo kazi mbovu pekee niliyoiona ikitoka mikononi mwake.

Ng'ambo ya barabara, mbele ya karakana yetu, alikaa binti mmoja mshonaji na cherehani yake. Kaka alimpenda kimya kimya. Anamnolea mkasi. Anamkazia miguu ya meza hata kama haijalegea. Nikamtania, kaka, ile meza ukiikaza tena itaota mizizi. Binti aliimba kwaya, na mwalimu wa kwaya alikuwa rafiki wa kaka tangu utotoni, wamekula sahani moja. Mtu mwenye mke na watoto, na sauti ambayo ukiisikia unajiona umeshasamehewa kabla hujatubu.

Kiangazi kimoja mimi na kaka tulikwenda mbali kupaua kanisa lingine. Tulikaa huko msimu mzima. Tuliporudi, binti alikuwa na mimba changa, ya kuonekana na wanaojua kutazama. Hesabu ndizo zilizonikimbiza shule, lakini hiyo niliiweza.

Alimwambia kaka mwenyewe, huku anashona, hainui macho. Mimi nilikuwa nyuma ya kaka, nimeleta ule mkasi wake, nikasikia. Mwalimu wa kwaya.

Kesi kama hizo zinasikilizwa baada ya ibada, anayetaka kubaki anabaki. Hakuna aliyeondoka. Wazee wamekaa mezani, na mwalimu wa kwaya ni mmoja wao. Wakamuuliza binti, ni nani? Akatazama sakafu. Wakamuuliza tena, kwa ukali. Ndipo kaka akasimama.

"Ni yangu."

Mzee mmoja akauliza, wewe si ulikuwa safari? Kaka akajibu alikuwa anarudi mara moja moja. Huo ndio uongo wa kwanza niliomsikia Rula akiusema, na aliusema shingo imenyooka. Nikamtazama mwalimu wa kwaya. Alikuwa anakagua kucha zake. Zamu yake ya kusema ilipofika, akasema ndugu huyu atengwe, ili kundi lijifunze.

Nyumbani niliapa nitakwenda kumvunja meno, kisha nimweleze mkewe. Kaka alinizuia mlangoni.

"Ukifungua mdomo wataumia mke wake na wale watoto. Wamekosa nini?"

"Na wewe umekosa nini?"

"Mimi sina watoto," akasema, akaenda kuteka maji.

Alimwomba binti wafunge ndoa. Binti akakataa, tena kwa machozi. Alisema hawezi kuzeeka akiwa amebebwa mgongoni mwa mtu. Akafunga cherehani yake, akahamia kwa shangazi yake, na kaka akabaki na benchi.

Kurudi kundini si kazi. Unapiga magoti mbele ya watu, unataja ulichofanya, unatubu, unaombewa, yamekwisha. Mlevi mmoja alitengwa baada ya kaka na akarudi, kaka bado yuko benchini. Mchungaji alikuja karakana kumbembeleza, akaondoka na vumbi tu kwenye viatu. Mimi nilichoka kusikia lile benchi. Nikamwambia, kaka, piga magoti tu, maneno hayachomi.

Akaweka randa chini.

"Kuwadanganya wazee niliweza, mdogo wangu. Kumdanganya Mungu huku nimepiga magoti, siwezi."

Hakuwahi kusema kwamba anasubiri. Lakini tulilala chumba kimoja, nilimwona. Kila Jumapili alinyoa ndevu taratibu, kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Aliamini siku moja rafiki yake atasimama. Rafiki yake alisimama kweli kila Jumapili, mbele ya kwaya, mgongo kwetu.

Kifua kilipombana hata maji hayapiti, alitaka kitu kimoja: mkate wa meza ya Bwana. Mchungaji akaja, akamshika mkono, akalia, akasema wazee hawajamfungulia. Nikatoka mbio mpaka kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamwita mwalimu pembeni, nikamwambia anakufa, njoo useme sasa, bado yupo.

"Nitakuja baada ya mazoezi," akasema.

Nilipofika nyumbani kaka aliniuliza kwa macho. Nikamwambia anakuja. Akageukia mlango, na hivyo ndivyo alivyokufa, ametazama mlango.

Aliyetengwa hapigiwi kengele wala haimbiwi. Jeneza nililigonga mwenyewe, kwa mbao kavu.

Wiki ile ile, mchana, nilichukua nyundo na gundi nikaenda kanisani kulikaza lile benchi. Sikutaka kazi yake mbovu iendelee kulia mbele za watu na yeye hayupo kuitetea. Nikamkuta mwalimu wa kwaya amelikalia. Peke yake, mikono katikati ya magoti.

"Nilikuja," akasema. "Nilifika mlangoni nikasikia unalia."

"Inuka nifanye kazi."

Hakuinuka. Nyundo ilikuwa mkononi na mkono ulijua uzito wake. Nikawakumbuka wale watoto.

"Liache," akasema. "Liache lilie."

"Jumapili utaimba?"

Alitazama kule mbele, kwenye meza, kama mtu anayepima safari. Nikarudi na nyundo yangu.

Jumapili sikuingia. Nilisimama nje, chini ya dirisha la nyuma, mgongo ukutani. Kwaya ikaanza wimbo chini mno, kila mtu na njia yake, kama watu waliokosa wa kuwapa sauti. Wakasita. Wakaanza upya. Hapo ndipo nikalisikia, upande wa pili wa ukuta, karibu na mlango. Benchi lililia, na wimbo ukakatika.

Nikasubiri nisikie likilia mara ya pili, mlio wa mtu kuinuka. Halikulia. Nikaenda kufungua karakana.