Nyumba Isiyotakiwa Kupata Mnunuzi

Mtaa ule ulikula kiapo siku seremala alipotolewa nyumbani mwake kwa kukokotwa kwa sababu ya deni la benki, uso wake ukiburuzwa juu ya kokoto alizozimwaga mwenyewe. Tangu hapo ikawa sheria: atakayenunua nyumba ya jirani mnadani hatoki mtaani na viungo vyake vyote. Mnunuzi wa kwanza aliondoka na meno machache kuliko aliyokuja nayo. Wa pili aliruka ukuta akavunjika paja. Baada ya hapo madalali wakawa wanagonga kengele mbele ya watu wasionunua, na benki, ambazo zilizidi kutwaa nyumba kila mwezi, zikazidi pia kushusha bei. Nyumba iliyokuwa na thamani ya malori matatu ilinadiwa kwa bei ya gari bovu. Na wale waliokuwa bado wanalipa mikopo yao kwa jasho walijikuta wanadaiwa zaidi ya thamani ya kuta walizolala ndani yake. Hata hivyo walichekelea.

"Tumewakomesha!" alisema seremala, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifaru.

Mwoka mikate hakuchekelea. Nyumba yake ilikuwa imekwisha kunadiwa mara mbili bila mnunuzi, na tanuri la matofali alilojengewa uani na marehemu mumewe halikuwa kitu cha kubebwa mgongoni. Bei ilipoporomoka vya kutosha, alimwita mdogo wake, mchomelea vyuma wa mji wa mbali, ambaye hakuna jirani aliyepata kumtia machoni. Naye, kwa kumpenda dada yake, akauza karakana, mashine na mitungi ya gesi apate fedha za kuinunua. Ilibidi mambo yaende kimyakimya, kwani masharti ya mnada yalikuwa wazi: mdaiwa hanunui, wala ndugu yake hanunui, ikibainika, mauzo hubatilika. Kifaru naye hangeweza kuambiwa. Alikuwa mtu wa moyo mweupe, lakini mdomo wake haukuwa na kufuli.

"Na hao majirani zako, dada?"

"Watakuzomea tu. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Habari ya meno hakumwambia. Wala ya paja.

Siku ya mnada dalali alipanda juu ya kiti uani, walinzi wawili ubavuni mwake, akayasoma masharti kwa sauti ya mtu anayetaka kurudi kwake mapema.

"Nani ataanza?"

"Anza wewe, tukuzike kesho!" mtu alijibu, na ua ukajaa kicheko.

Mchomelea vyuma akainua mkono wa kulia, wenye mabaka ya cheche toka kiganjani hadi kiwikoni. "Naichukua kwa bei hiyo."

Kicheko kikakatika. Kifaru akamsogelea, rungu likining'inia mkononi.

"Mgeni, unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi zisome nyuso hizi."

"Nimezisoma. Hazina bei."

Dalali akagonga kengele upesi kama mtu anayezima moto. "Imeuzwa!" Kabla mlio haujafa, mtaa ulikuwa umekwisha kumwangukia mnunuzi. Mlinzi mmoja alipigwa tofali la kisogo akalala. Wa pili akatimua mbio kwenda kutafuta askari. Dalali akajitumbukiza jikoni na mkoba wake, akajibanza nyuma ya mwoka mikate aliyesimama mlangoni, akihema shingoni mwake.

Kutoka mlangoni pale mwoka mikate aliona kila kitu. Aliona mateke yakimwingia mdogo wake mbavuni, akaona damu ikimtoka puani, nyepesi, kisha nzito. Maneno matatu tu yangetosha: ni ndugu yangu. Lakini masikio ya dalali yalikuwa karibu kuliko rungu, na maneno hayo yangemtoa yeye nje kabla jua halijatua. Akauma midomo.

Kifaru alimburuta mtu wake hadi kwenye kizingiti cha tanuri, akaulaza mkono wa kulia juu ya tofali.

"Ulioinuliwa ni huu?"

"Dada!" mchomelea vyuma alipiga ukelele, macho yake yakiwa mlangoni. "Dada, waambie!"

"Atuambie nini, mwizi wewe? Si ndiye unayemwibia?"

Mwoka mikate akautazama mguu wa meza.

Rungu likashuka. Mkono ulilia kama ukuni mkavu. Likashuka tena, na safari hii aliyelia ni mwenyewe, kilio cha mnyama, kirefu, kisicho na neno ndani yake. Kifaru akamgeukia mwoka mikate, uso umemng'aa kwa furaha.

"Tumekulipizia, mama!"

Askari walipofika wakifyatua risasi hewani, ua ulibaki na viatu visivyo na wenyewe. Dalali akatoka jikoni.

"Bwana, bado unanunua?"

"Nanunua." Akatia dole gumba la kushoto kwenye hati. Dalali akamwachia funguo kifuani, akaondoka na askari wake bila kuaga.

Mwoka mikate akaja na beseni la maji ya uvuguvugu. "Pole, mdogo wangu. Imekwisha. Tumeipata."

"Ulijua."

"Nilidhani watazomea…"

"Ulijua, dada. Nilikutazama usoni, ukatazama meza." Alisema polepole, kwa sababu ya mdomo uliopasuka. "Toa vitu vyako."

"Hayo ni maumivu yanayosema."

"Mkono huu ulikuwa unalisha watoto wangu. Sasa watalishwa na tanuri lako. Toa vitu."

Kifaru, aliyekuwa amejificha nyuma ya ukuta, akatokeza langoni na rungu lake. Nyuma yake vichwa vitatu, vinne. "Mama, anakufukuza? Sema neno moja tu, tummalizie."

Sasa dalali hakuwepo. Hakukuwa na sikio la kuogopa.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Tumbo moja, ziwa moja."

Kifaru alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama."

"Ningeweza kumwua!"

"Ungeweza."

Alimkodolea macho kama anavyokodolea ubao uliooza ndani huku nje unang'aa. Akalitupa rungu, akampita pasipo kumgusa, akapiga magoti kwenye kizingiti. Alibandua papi mbili za mbao kwenye kreti la mikate, akazipima kwenye mkono uliovunjika kwa vidole vilevile vilivyouvunja.

"Kitambaa."

Mwoka mikate alikwisha kuuchana mtandio wake. Akamnyoshea. Mdogo wake akauvuta mkono nyuma, na maumivu yakamfanya apige yowe hadi watu wakarudi nyuma langoni.

"Si hicho," alisema alipoweza kusema.

Kifaru akavua shati lake, akalichana kwa meno.