Pande la Kushoto

Baba mdogo aliiba pikipiki siku ya tatu baada ya mazishi, mchana kweupe, huku analia. Alikuja na pikapu na turubai, akamkumbatia mjane wa kaka yake, akapenga kamasi, halafu akaanza kupakia.

"Naihifadhi tu, shemeji. Isije ikaliwa na kutu."

Spana alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Jina hilo alipewa na baba yake akiwa na miaka sita, maana ndiye aliyekuwa akimkabidhi spana chini ya ile pikipiki kuukuu ya Kiingereza, na alizijua zote kwa kugusa tu.

"Baba mdogo, hiyo baba aliniachia mimi."

Baba mdogo akacheka kidogo, kicheko cha msibani. "Mtoto wa kike na pikipiki, wapi na wapi?" Akakaza kamba, akaondoka.

Kilichomponza ni haraka. Marehemu alikuwa ameifungua injini kabla hajaugua, vipande amevipanga kwenye maboksi. Baba mdogo alisomba maboksi yote. Hakuinama kuchungulia chini ya sinki, ambako palikuwa na karai la mafuta ya taa, na ndani ya karai kuna pande la kushoto la ganda la injini, limelowekwa kama maharage.

Sasa, injini zile ganda lake ni mapande mawili, la kulia na la kushoto. Kiwandani yalichongwa pamoja, yakapigwa namba moja kwa chini. Ukichukua la kulia la hii na la kushoto la ile, unaweza kulazimisha, lakini mwenye kujua atakucheka. Na kwenye maonyesho ya pikipiki kongwe, waamuzi hulala chali na tochi kusoma namba kabla hata hawajaitazama rangi. Baba mdogo aliijenga pikipiki upya, akaipaka, akaing'arisha hadi unaweza kunyolea ndevu kwenye tangi. Ila pande la kushoto lilikuwa la kuokoteza. Miaka tisa mfululizo waamuzi walilala, wakasoma, wakainuka wanajikung'uta suruali, wakampa kikombe mshindani wake, daktari mmoja wa meno.

Daktari wa meno! Baba mdogo alimchukia mtu yule kiasi kwamba jino likimuuma alitafuna karafuu.

Wakati huo Spana, bila baba mdogo kujua, alikuwa na kibanda mtaa wa vipuri vilivyotumika, anauza magia, cheni na kabureta za pikipiki za aina hiyohiyo. Pande la kushoto alilitundika ukutani nyuma ya kalenda. Kila asubuhi aliifunua kalenda, akaisoma namba, akaifunika. Mama yake alimwambia, "Achana naye, mwanangu, ni damu yako." Spana akajibu, "Damu ndiyo inayochemka, mama."

Jirani yake kibandani alikuwa mama mmoja muuza bearing, anaitwa Pilipili, na ukimsikia anavyoongea na wateja huulizi kwa nini. Miezi miwili kabla ya maonyesho, Pilipili alimpigia baba mdogo simu, Spana yuko pembeni amejifunika mdomo kwa kitambaa cha grisi.

"Mzee, kuna chuma kimeingia na mzigo wa skrepa. Pande la kushoto. Nikusomee namba?"

Akasoma. Upande wa pili kikasikika kiti kinaanguka.

"Usimwonyeshe mtu! Nakuja!"

"Tulia. Mwenye mali hauzi. Anabadilishana vyuma tu. Na kuna mwingine ameshaliulizia, bwana mmoja wa meno."

Maskini daktari wa meno hakujua chochote. Alikuwa kliniki kwake anang'oa watu.

"Yule ametoa nini?" baba mdogo akauliza.

"Taa kubwa ya mbele, na madigadi zote mbili."

"Na mimi natoa! Na kiti juu!"

Kesho yake vikaletwa, vimefungwa kwenye blanketi. Pilipili akavipokea viwe dhamana hadi mwenye mali aamue. Baba mdogo alipogeuka tu, Spana akavivuta upande wake, akavifuta vumbi taratibu, akavipanga chini.

Mchezo ukaanza. Jumatatu daktari wa meno "ameongeza" tangi. Jumatano baba mdogo kaleta tangi. Wiki iliyofuata daktari "kaja na magurudumu," na yeye akaja akiyabingirisha mwenyewe barabarani, jasho linamtoka.

"Mzee," Pilipili akamuuliza siku hiyo, kwa huruma ya uongo, "pikipiki si itabaki mifupa?"

"Mama, wewe unauza bearing, huelewi. Tangi nitapata popote. Magurudumu yamejaa. Namba ile ni moja tu duniani."

Nyuma ya ukuta wa bati, Spana aliyasikia yote. Angeweza kuishia hapo. Tangi analo, magurudumu anayo. Lakini alikumbuka kile kicheko cha msibani, akamwandikia Pilipili kwenye kipande cha boksi: FOKI. GIABOKSI. FREMU. MATUMBO YOTE YA INJINI.

"Na fremu?" baba mdogo aling'aka kwenye simu.

"Meno ameshatoa yake. Anakodi mkokoteni sasa hivi."

"Mwambie mwenye mali asipokee! Nimo njiani!"

Asubuhi ya Alhamisi, siku mbili kabla ya maonyesho, mkokoteni ulifika na shehena ya mwisho. Baba mdogo alikuwa amebakiwa na pande la kulia peke yake, kwenye gunia, amelileta kulinganisha. Msukuma mkokoteni akashusha, akalipwa, akaenda zake.

Pilipili akapiga ukuta wa bati kwa kiganja. "Mwenye mali! Mteja!"

Spana akatoka. Amevaa ovaroli la baba yake, mikono ameikunja mara tatu, na kifuani amekumbatia pande la kushoto.

"Shikamoo, baba mdogo."

 Macho ya baba mdogo hayakuwa kwa Spana, yalikuwa kwenye chuma. Akalipokea kwa mikono miwili. Akapiga magoti palepale kwenye mchanga wa mafuta, akayakutanisha mapande, na yakaingiana tii, hata unywele usipite. Akayageuza. Namba na namba. Machozi yakamtoka, na safari hii yalikuwa ya kweli.

"Yamekutana," akanong'ona.

"Yamekutana," Spana akasema. "Hongera."

Ndipo akainua kichwa. Nyuma ya Spana aliliona tangi lake, taa yake, kiti chake, vyote vimepangwa, na pembeni injini nyingine ya namba tofauti, ganda lake zima, inasubiri matumbo.

"Wewe... rudisha vitu vyangu."

"Vyako?"

"Sasa nitaonyesha nini Jumamosi?"

"Namba. Ziweke mezani, watu waje wasome."

"Pikipiki yangu, mtoto wewe!"

"Mzee mzima na pikipiki, wapi na wapi?"

Pilipili alicheka hadi akakalia boksi la bearing.

Spana hakulala sana siku ile wala iliyofuata, anaiunga pikipiki upya. Jumamosi saa tatu asubuhi alipiga kiki mara nne, na ya tano ikaitikia kwa ule mngurumo wa kifua anaoujua tangu utotoni, tone la mafuta likadondoka chini kama kawaida yake. Hakwenda uwanjani kwanza. Alikwenda mtaani kwa baba mdogo, akamkuta ndiyo anatoka getini kwa miguu, gunia begani, mapande yote mawili ndani, amepinda upande mmoja kwa uzito.

Spana akaweka gia ya kwanza, akamfuata nyuma, mwendo wa mguu. Baba mdogo akiharakisha, naye anaongeza kidogo. Akisimama kupumua, naye anasimama, injini inanguruma. Majirani wakatoka kwenye vibaraza. Hakumpigia honi, hakumsemesha. Alimsindikiza hivyo mtaa mzima, na uwanja bado uko mbali.