Mara ya Sita

Mara kumi tu. Kilo thelathini kutoka mabegani hadi juu ya kichwa, mara kumi, mgongo umenyooka, magoti hayakunjwi. Ikitimia, mama wa zimamoto anarudi kwenye gari lake na ngazi yake. Isipotimia, anakwenda kupokea simu ofisini hadi astaafu. Barua ya kikosi ilisema hivyo hivyo, bila hata pole, na bega lenyewe lilichomoka akiwa kazini, kwenye ngazi yao hiyo hiyo!

Kwa miezi minane alifundishwa na wifi yake, mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke mfupi mwenye mdomo usiolala. "Hivi kaka yangu alioa mke au winchi?" alimtania uani, kisha akawa mkali. Ugonjwa wa mama wa zimamoto ulikuwa haraka. Alisukuma chuma juu na kukishusha hapo hapo kama kinamuunguza, na bega bovu halitaki papara. Basi wifi akaja na neno lake. Chuma kikifika juu, alipaza sauti: "Sita!" Hapo unatulia, viwiko vimenyooka, tumbo umelikaza, unasubiri. Hushushi mpaka usikie "Shusha!" Ole wako ushushe kabla.

Leo wifi huyo alikuwa kwenye benchi karibu na mlango wa ukumbi wa mazoezi, amekatazwa hata kuguna. Afisa msimamizi wa jaribio alishasema: neno moja kutoka pembeni, jaribio limefutwa.

"Anza."

Moja. Mbili. Tatu. Afisa alihesabu kwa sauti kavu, macho kwenye kiuno chake, akiwinda kosa. Ya nne, bega likaanza kuchoma. Ya tano, mgongo ukataka kulala nyuma, akaukaza, jasho likamwingia machoni. Akasukuma tena.

"Sita," akasema afisa.

Akatulia. Masikini, alitulia vizuri kuliko siku zote! Viwiko vimenyooka, tumbo limekazwa, anasubiri kuambiwa ashushe. Mikono ikaanza kutetemeka. Afisa akatazama saa, akaandika kitu. Kwenye benchi wifi alishaelewa. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Neno lake mwenyewe ndilo linalommaliza mtu wake, na hawezi kumwambia.

"Umekwama?" afisa aliuliza. "Nasubiri ya saba."

Saba! Mama wa zimamoto alihisi uso unawaka. Mjinga mimi, alijitukana, nahesabiwa nadhani naamrishwa! Nguvu alizoziweka kwa ajili ya zile za mwisho zilikuwa zimeishia hewani. Hasira zikampanda, na hasira zilimtaka aharakishe. Hakuharakisha. Akashusha taratibu hadi mabegani, akavuta pumzi, akasukuma. Saba. Nane. Tisa ilipanda kwa kubembelezwa. Ya kumi ilisimama usawa wa paji la uso, haipandi, haishuki. Magoti yakataka kusaidia, akayakatalia. Chuma kikasogea kidogo, kikasogea tena, kikafika.

"Kumi," akasema afisa, akafunga faili. "Jumatatu uripoti kwenye gari."

Lakini chuma kilibaki juu. Mama wa zimamoto alikuwa amekodolea macho ukuta, anatetemeka mwili mzima, hasikii. Afisa akageukia benchi, akamwona wifi bado amejiziba mdomo. "Mwambie basi. Sasa unaruhusiwa."

Wifi alisimama, machozi yanamtiririka, na ule mdomo usiolala ukamgomea kwanza.

"Shusha," alisema. "Shusha, wifi yangu."