Eda ya Mkwe Wangu

Mimi na mkwe wangu tulikwenda mahakamani kushtakiana chini ya mwavuli mmoja. Mvua ilikuwa inanyesha, na chai ya asubuhi ile alinichemshia yeye. Karani alipouliza nani mdai na nani mpinzani, nilimwambia aandike apendavyo, sisi tunakaa nyumba moja.

Mwanangu, fundi umeme, aliaga anakwenda kibarua cha wiki mbili. Huu ni mwaka wa tano. Simu hakuna, salamu hakuna, na aliyemwona hakuna. Mkewe alikuwa anaomba ndoa ivunjwe, mimi napinga, na huku nampenda. Ningekuwa mimi ndiye niliyemzaa huyu mkwe, ningemshika mkono nimlete mahakamani mwenyewe. Basi nielewe vipi moyo wangu?

Kadhi alikuwa kijana, rika la mwanangu. Aliweka kalamu chini.

"Mama, unapinga nini hasa?"

"Napinga mwanangu kuzikwa kwa karatasi. Mkimpa huyu eda ya mjane, mmeshasema amekufa. Maiti yake iko wapi?"

Akanieleza kwa upole kwamba sheria ina makusudio yake: kulinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Haikushuka, akasema, kumfunga mwanamke mlangoni akingoja nyayo. Nikahesabu vidole vyote vitano nikitafuta mwanangu yumo katika kipi. Kila nilipodhani nimempata, namkuta mkewe.

"Ushahidi wa kifo sina," akaendelea. "Nilio nao ni wa dhara: miaka mitano hana mume wala matunzo. Ndoa naivunja kwa dhara hilo. Atakaa eda ya aliyeachwa, twahara tatu, kama miezi mitatu hivi. Si ya mjane. Mwanao, mama, mahakama hii haijamuua, na mali yake haigawanywi."

Kumbe nimeshinda. Na mkwe wangu naye ameshinda. Nilikuja nimejifunga kibwebwe, sasa sina wa kupigana naye, na wote wawili tunalia.

"Mama, umenikasirikia?" mkwe wangu akaninong'oneza.

"Sijui, mwanangu. Nikijua nitakwambia."

Karani akauliza kama kuna mwenye neno kabla faili halijafungwa. Miguu ikasimama kabla sijaamua.

"Huyu eda yake miezi mitatu, itakwisha," nikasema. "Angekuwa mjane, ingekuwa minne na siku kumi, nayo ingekwisha. Mimi niliyemzaa mumewe, ninayeshtuka kila mlango ukibishwa, eda yangu inakwisha lini?"

Kadhi alimtazama karani. Karani akaliacha faili wazi.

"Hilo, mama," kadhi akasema, "sijui."