Hodi ya Tatu

Ulfat alipofika Jang'ombe na daftari lake kwapani, Suhail alikuwa kainamia simu ya mtu, anachokoa vumbi kwenye tundu la chaji kwa sindano ya kushonea. Pahala pake pa ufundi ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Dirisha kaligeuza kaunta, mlango kauachia wateja. Nyuma ya pazia, mama mtu, Bi Mwanakheri, alikuwa kakaa juu ya kibao cha mbuzi, sinia mapajani, anachagua mchele. Alasiri ilikuwa bado kidogo.

Ulfat alikuwa mwaka wa mwisho kule chuoni Tunguu. Mwalimu wake kawataka kila mmoja aandike juu ya mchezo wa mtandaoni uliozinduliwa ukaharibika. Wenzake walichagua ya Marekani na Japani. Yeye alichagua Vyumba Elfu, kwa sababu ulitengenezwa Kiponda, na aliambiwa aliyeuandikia mlango wake yupo, anatengeneza simu.

"Nna fomu, kaka Suhail," alisema baada ya salamu. "Masuali matatu tu. La kwanza, kilichoharibika siku ya uzinduzi ni nini?"

"Hakikuharibika kitu," alijibu Suhail, hakuinua uso. "Kila kitu kilifanya kazi kama nlivyokiandika. Ndo balaa lenyewe."

Na hapo hakusema uongo. Vyumba Elfu ulikuwa mchezo wa nyumba moja kubwa ya Mji Mkongwe, ya ndani ya simu, yenye vyumba elfu na ngazi zisizokwisha. Watu wa dunia nzima wanaingia kwa pamoja, wanatafuta vilivyofichwa, wanakimbizana darini, wakichoka wanakaa ukumbini wanakunywa kahawa. Wenye mchezo walikuwa watu wa ng'ambo. Meneja wa hapa alikuwa Bwana Wakil, mtu wa suti hata jua la saa sita. Wafanyakazi wanane walikaa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe, na mashine iliyobeba mchezo wote, kubwa kama friza la samaki, iliwekwa kwenye chumba kilichokuwa ghala la karafuu.

Katika michezo mingine unabonyeza, ushaingia. Suhail aliona huo ni utovu wa adabu. Mtoto wa watu haingii nyumba ya watu kama paka. Kwa hivyo aliuandika mlango wake hivi: mgeni apige hodi, aliye ndani aitikie karibu, ndipo ufunguke. Hodi zikitimia tatu bila ya jibu, mgeni ageuke arudi kwao mpaka kesho. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, na ndivyo tulivyofunzwa sote. Watu wa ng'ambo waliupenda mlango huo hata wakauweka kwenye matangazo.

Miezi minane waliujaribu na haukumkatalia mtu. Akitoka huyu kwenda kula, yule yumo ndani, anaitikia. Hakuna aliyeliona hilo, kama mtu asivyoona kuwa kila akirudi kwao humkuta mama nyumbani.

Siku ya uzinduzi, Jumamosi ya mwezi wa pili, mwaka wa tatu sasa, Bwana Wakil alitaka nyumba ikabidhiwe kwa wageni ikiwa safi, haina mtu. Wote wakatoka. Suhail alitoka wa mwisho, akaufunga mlango kwa bismillahi. Saa nane kamili mchana mchezo ukafunguliwa, na watu elfu arubaini na moja wakajipanga mlangoni kupiga hodi kwenye nyumba isiyokuwa na mtu.

Hodi zao zilitokea kwenye feni ya mashine, zikajaa chumba, zikateremka ngazi hadi uchochoroni. Walikuwemo Wachina, Wabrazili, na mmoja alikuwa na mafua. Bi Shamsi wa nyumba ya chini alidhani wamekuja kwake, na kwa kuwa ni mtu wa watu, alikaa kizingitini akiwaitikia karibu, karibuni, piteni, mpaka sauti ikamkauka. Lakini karibu yake ilikuwa ya nyumba yake, haikumfaa mtu. Watu wakipiga hodi ya tatu, wakigeuka, wakenda kuandika matusi. Nyota moja, nyota moja, nyota moja. Kufika saa tisa, elfu kumi na nane walikuwa washaondoka, na simu ya Bwana Wakil ikilia juu ya meza mpaka ikaanguka yenyewe.

"Mtu aingie!" alisema Bwana Wakil.

"Apite wapi?" alisema Suhail. "Mlango ni huo mmoja, na unafunguliwa kwa ndani."

Hapo ndipo aliposema Nadra. Nadra ni mdogo wake Suhail, wamenyonya ziwa moja. Kazi yake pale ilikuwa kuchukua sauti: milango inavyolia, maji yanavyodondoka kwenye mtungi, vikombe, nyayo za ngazini. Aliijua nyumba ile kwa masikio, chumba kwa chumba.

"Uani je?" aliuliza.

Suhail hakuandika uani. Lakini hakuna nyumba ya mji isiyokuwa na njia ya wanawake, na Nadra mwenyewe alishaichukua sauti ya komeo lake.

"Hebu nenda mara moja," alisema Suhail. "Uitikie, wakishaingia watu utoke."

Maneno hayo aliyasema yeye, kwa kinywa chake. Nadra akavua viatu vyake nje ya chumba cha mashine, akaufunga vizuri mtandio, akapita nyuma ya mashine, baina yake na ukuta, pale pasipopita mkono. Likasikika komeo. Kisha ikasikika sauti yake kwa ndani, "Karibuni," kama mtu mzima na heshima zake, na watu elfu ishirini na tatu wakaingia. Ofisini walipiga makofi. Bwana Wakil alifungua kifungo cha koti, akaagiza soda.

Magharibi, Suhail aliinama kwenye feni.

"Nadra. Twende nyumbani, mama anangoja."

"Kuna wageni, kaka," alisema Nadra.

Hapo Suhail alijishika kichwa, kwani alikumbuka. Aliyaandika hayo vilevile, kwa mkono wake: mwenye nyumba hatoki wageni wakiwa ndani. Aliyefungua mlango kwa uani, nyumba ishamjua kuwa ndiye mwenyewe. Na wageni hawakwisha. Unguja wakilala, Brazili wameamka; Brazili wakilala, Uchina wanakunywa chai. Hapakuwa na dakika ambayo ukumbi ule haukuwa na mtu na kikombe chake.

Dawa ilikuwa nyepesi. Mchezo ufungwe kwa saa moja, wageni watoke wote, Nadra aje zake. Suhail alimwandikia Bwana Wakil barua.

"Baada ya uzinduzi ule?" alisema Bwana Wakil, na alikuwa na huruma ya kweli usoni. "Tukifunga tena hata robo saa, hawarudi. Tusubiri Ramadhani ipite."

Ramadhani ikapita. Ikasemwa Idi Kubwa. Ikasemwa mwisho wa mwaka. Jambo lenyewe likaandikwa kwenye orodha ya matengenezo, namba mia mbili na kumi na nne, "mtumishi yumo ndani", chini ya rangi ya mazulia. Ulipotimia mwaka, kampuni ikaandika kwenye ukurasa wake kwamba ilianza vibaya lakini imejifunza mengi, na inawashukuru wachezaji kwa subira yao.

Nadra alikuwa na mchumba, Ahmada, kijana wa Tumbatu, mahari ishatoka. Ahmada alingoja mwaka na nusu, jamani, mtu angoje nini tena? Siku moja alipiga hodi kama wageni wengine, akaingia, akakaa ukumbini. Nadra alimletea kahawa, akamwambia, "Nenda kaoe, Ahmada. Usinifanye nibebe na dhambi yako." Ahmada alimaliza kahawa yake, akaaga, akaenda kuoa. Nadra siku hiyo aliwahudumia wageni na macho mekundu, na mtu mmoja wa Norwei akaandika kwamba mchezo umetengenezwa vizuri, hata machozi yanaonekana.

Bi Mwanakheri hakuwa mtu wa simu, lakini alijifunza. Kila siku akishasali Alasiri huegemeza simu kwenye kopo la sukari, akapiga hodi, na hodi ya kwanza haijesha Nadra keshaitikia. Mama akiingia, akikaa jikoni mwa nyumba ile, huku Jang'ombe anachagua mchele. Walizungumza ya kawaida. Nani kazaa, bei ya vitunguu, fulani kahamia Kidichi. Mama alimwona kakonda, Nadra akikataa. Miaka miwili na miezi walikwenda hivyo, na ukimuuliza Bi Mwanakheri atakwambia alishazoea, kuna walioozesha mabinti zao Oman na hawaoni hata hicho.

Mwaka huu mchezo ukauzwa. Wanunuzi wakataka mashine iende kwao, mbali, upande wa pili wa dunia. Asubuhi moja mahamali wanne waliiteremsha kwa kamba, ngazi kwa ngazi, wakaipakia kwenye gari la mkono kuelekea bandarini. Bi Mwanakheri alitoka Jang'ombe kuja kusindikiza.

"Polepole, wanangu," aliwaambia. "Humo mna mtu."

"Twajua, bi," alisema mmoja wao, na walipofika kwenye mashimo waliinyanyua mikononi.

Alifuata nyuma hadi geti la bandari, hapo askari akamwambia mwisho hapo. Alirudi na viatu vya Nadra kwenye mfuko wa ukili. Mwezi ule Suhail naye aliachishwa kazi.

Tangu siku hiyo, Nadra anaitikia hodi kama kawaida, ila sauti inachelewa. Hodi ya Unguja inakwenda mbali, na karibu inarudi kutoka mbali. Mlango hauna habari ya bahari. Unangoja pumzi tatu kama ulivyoandikwa, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu unajifunga mpaka kesho. Walio karibu na mashine, na wenye mtandao wa mbio, unawafungukia. Walio Unguja, hapana. Suhail aliwaandikia wenye mchezo wapya, nao wakamjibu kwa adabu kubwa kwamba wachezaji wa Unguja ni wachache na jambo lao litaangaliwa.

Yote haya Suhail alimhadithia Ulfat huku sindano mkononi. Ulfat aliandika hadi ukurasa ukajaa, akafungua mwengine. Kisha adhana ikapita, na nyuma ya pazia ikasikika mkeka unatandikwa, na baada ya muda ukakunjwa. Bi Mwanakheri akatoka na simu yake, kaifuta kwa ncha ya kanga.

"Shikamoo, bi," alisema Ulfat.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, usiinuke."

Akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, juu ya kaunta ya mwanawe, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unaposhika. Akajitengeneza kanga kichwani kama mtu aliyefika kwa watu.

"Hodi," alisema.

Kimya.

"Hodi, Nadra."

Mteja mmoja alifika dirishani, akaona, akangoja pembeni.

"Hodi, mwanangu."

Mlango mdogo uliomo ndani ya simu ukajifunga. Bi Mwanakheri hakungoja zaidi, wala hakugonga kioo. Mtu hang'ang'anii mlango wa watu. Aliinuka kwa kushika goti, akarudi ndani upesi kuliko umri wake. Hataki kuisikia ile karibu ikija. Alisema tangu siku ya mwanzo kwamba hilo hawezi, moyo wake hauwezi, na Suhail akasema basi atasikia yeye.

Ulfat alitaka kusema kitu. Suhail alimwinulia kidole.

Pumzi nne, tano.

"Karibu, mama!" simu ikasema, kwa furaha, sauti ya mtu aliyekuja mbio kutoka jikoni. "Pita, pita ndani." Vikombe vikagongana. Halafu, "Mama?" Na baada ya hapo nyayo, zilezile za ngazini, zinarudi zilikotoka.

Kalamu ya Ulfat ilikuwa imesimama juu ya fomu. Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono.

"La pili," alisema taratibu, "linauliza tatizo la uzinduzi lilitatuliwaje."

"Andika, alipatikana mtu wa kuitikia."

Akaandika. "La tatu: kuna aliyedhurika?"

Suhail aliweka sindano chini. Kwenye ripoti ya kampuni, siku ile ya uzinduzi, suali hilohilo alilijibu yeye, akaandika hapana na akatia saini, kwa kuwa saa ile alikuwa bado anaamini Nadra atatoka kabla ya chakula cha usiku.

"Suhail!" mama yake aliita kutoka jikoni.

"Naam, mama."

"Kasemaje leo?"

"Kasema karibu."

"Sauti yake je?"

"Nzima, mama. Kafurahi."

Ikasikika mchele unamiminwa kwenye maji. "Alhamdulillahi," alisema Bi Mwanakheri. "Basi mwambie kesho ntakuja mapema."

"Ntamwambia," alisema Suhail, akaichukua simu ya yule mteja aliyekuwa akingoja.