Vitambaa vya Mama na Pawasaplai ya Nne

Mimi ndiye fundi wa elektroniki anayetegemewa na mtaa mzima, isipokuwa mama yangu mzazi. Mwaka huu ameshaita mafundi watatu, wote wanaume wasiomjua hata jina, na bango langu analipita kila akienda dukani. Iliniuma, sifichi.

Juzi mdogo wangu, aliyemfungia mama taa na mapazia ya kujiendesha, akanipigia simu akicheka mpaka akapaliwa. Kumbe mapazia ya sebuleni yamejifungua yenyewe mchana kweupe, mama kajifunga taulo tu, na jirani na heshima zake zote yuko barazani anakunywa chai. Mama ameapa kesho vyote vinang'olewa. Nikabeba begi langu, nikaenda bila kuitwa.

Akanipokea mlangoni kwa kuniuliza nimekuja kusalimia au kufungua vitu vya watu. Nikamjibu vyote viwili, shikamoo.

Kulipata tatizo hakukuchukua hata robo saa. Pawasaplai, kile kijisanduku kinachoupunguza umeme wa ukutani ili usiunguze mitambo, ilitakiwa kutoa volti kumi na mbili. Ilikuwa inatoa tisa, tena kwa kusuasua. Nikaifungua nikakuta kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa. Imepikwa! Na isipikwe kwa nini, wakati mama ameivalisha kitambaa alichofuma mwenyewe, kizito, cha maua mekundu, kimeziba kila tundu la kutolea joto? Nyumba ile kila kitu kimevaa, hata rimoti.

Nikafunga mpya, ya nne mwaka huu ukihesabu za wale mafundi watatu. Mapazia yakatulia, taa zikatii. Mama naye huyo anakuja na kitambaa, ameshakipiga pasi, anataka kukirudisha.

Jamani, nilitamani kunyamaza. Nikinyamaza, atanisifu kwa kila mtu, halafu baada ya miezi mitatu niwe fundi wa ovyo kama wale wenzangu. Nikisema, namwambia mama kwamba mikono yake ndiyo inayoua vifaa alivyofungiwa na mwanawe. Niliogopa kama mtoto aliyevunja sahani. Nikasema.

Mama akakaa kitini, akakikunja kitambaa chake mara nne, taratibu.

"Mafundi wote watatu waliniambia hivyo hivyo," akasema. "Nikawafukuza. Wewe ningekufukuzaje? Ndiyo maana sikukuita."